Njia Inayotokea na Njia Isiyotokea: Historia ya Mitaa kutoka Kariakoo hadi Mlandizi

1.0 Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili anapoingia katika mtaa asioufahamu huuliza swali fupi: "Njia hii inatokea wapi?" Swali hilo lina dhana nzito kuliko urefu wake. Linachukulia kwamba njia haitoshi kuwapo tu. Sharti itokee mahali. Njia inayoishia uani kwa mtu, ukutani au kwenye korongo husemwa kuwa haitokei, na aliyeifuata hana budi kurudi alikotoka. Wataalamu wa mipangomiji wa leo wanapopima muunganiko wa njia, yaani kiwango ambacho njia za mji hukutana na kupokezana wasafiri, wanapima jambo lile lile ambalo kitenzi "tokea" kimelibeba kwa muda mrefu.

Makala haya yanafuatilia historia ya jambo hilo kutoka miji ya kale ya mwambao, kupitia Dar es Salaam, hadi Mlandizi, mji ulioko takriban kilomita 60 magharibi mwa Dar es Salaam katika Barabara ya Morogoro, wilayani Kibaha, mahali ambapo njia nyingine huelekea kusini hadi wilaya ya Kisarawe. Mlandizi umechaguliwa kwa sababu bado uko katikati ya safari. Si kijiji tena, wala haujawa jiji. Yaliyokwisha kutendeka Manzese na Kimara ndiyo yanayotendeka hapo sasa, na yanaweza kutazamwa yakiwa bado hayajakamilika.

Hoja inayotetewa ni moja. Muunganiko wa njia za mji huamuliwa mapema, siku ardhi inapokatwa kwa mara ya kwanza. Aidha, kwa kiasi kikubwa huamuliwa na watu wasiojiona kuwa wanajenga mji. Ukishaamuliwa, vizazi vinavyofuata huweza kubadili nyumba, kazi na hata lugha ya mahali, lakini ni kwa shida kubwa sana huweza kubadili njia.

2.0 Mtaa, Kitongoji na Njia Panda

Historia ya maneno hutoa mwanga wa kwanza. Katika miji ya kale ya mwambao, neno "mtaa" lilitaja sehemu ya mji pamoja na watu wake. Lamu iligawanyika katika Mkomani na Langoni, na ndani ya sehemu hizo mbili kubwa mlikuwa na mitaa midogo yenye misikiti na koo zake. Mtu alikuwa wa mtaa fulani kama alivyokuwa wa ukoo fulani. Njia zilizopita baina ya nyumba zilikuwa sehemu ya mtaa, lakini hazikuwa mtaa wenyewe.

Dar es Salaam ya karne ya ishirini ililipa neno hilo maana ya pili. Kariakoo kuna Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Swahili, Mtaa wa Sikukuu na Mtaa wa Aggrey, na majina hayo hutaja njia zenyewe. Maana imehama kutoka eneo hadi mstari. Baadaye neno likapata maana ya tatu, ile ya kiutawala, kwani katika mfumo wa serikali za mitaa wa Tanzania Bara mtaa ni ngazi ya chini ya utawala wa mjini, ilhali vijiji na miji midogo hugawanywa katika vitongoji. Maana hizi tatu hazikufutana. Mkazi wa Dar es Salaam huweza kusema katika sentensi moja kwamba mwenyekiti wa mtaa amewaita watu wa mtaani katika nyumba iliyoko Mtaa wa Kongo, na msikilizaji asitatizike.

Mabadiliko hayo ya maana yanaonyesha mabadiliko ya mji. Pale ambapo njia zilinyooshwa, zikakutana na kupewa majina, mtaa uliweza kuwa njia. Pale ambapo njia hazikunyooshwa wala kupewa majina, kama ilivyokuwa katika sehemu kubwa ya Manzese, Tandale au Buguruni, mtaa ulibaki kuwa eneo, na nyumba ilielekezwa kwa alama: karibu na msikiti, nyuma ya mashine ya kusaga, penye mwembe.

Neno jingine linalofaa kutazamwa ni "njia panda". Panda ni mahali tawi linapogawanyika, na kwa hiyo njia panda ni njia iliyogawanyika mfano wa mti. Taswira hiyo ina ukweli na ina upungufu. Katika mti, tawi likishaachana na shina halikutani tena na tawi jirani. Chungu aliye kwenye ncha ya tawi moja akitaka kufika kwenye ncha ya tawi la pili lazima ashuke hadi panda ndipo apande tena, hata kama ncha hizo mbili zinakaribia kugusana. Mwaka 1965 msanifu majengo Christopher Alexander aliandika makala mashuhuri kukanusha kwamba mji ni mti. Alisema kuwa mji ulio hai hufanana zaidi na mfumo ambao sehemu zake huingiliana kwa njia nyingi. Kwa lugha ya nyumbani, mji mzuri hufanana zaidi na wavu kuliko mti. Uzi mmoja wa wavu ukikatika, nyuzi nyingine hushikilia.

3.0 Miji ya Mwambao: Wembamba Usiozuia

Kabla ya kufika Dar es Salaam yafaa kuondoa dhana moja iliyoenea, kwamba njia nyembamba ndizo kasoro ya miji isiyopangwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, ina njia nyembamba kupita kiasi kwa macho ya mwenye gari. Baadhi ya njia za Lamu zinamtosha punda na mzigo wake tu. Hata hivyo, nyingi hutokea. Vipo vichochoro vinavyoishia kwenye nyua, lakini mtembeaji akizibiwa upande mmoja aghalabu hupata upande wa pili, na njia hizo humfikisha msikitini, sokoni au pwani bila mzunguko mkubwa.

Upana na muunganiko, kwa hiyo, ni mambo mawili. Upana huamua ni chombo gani kitapita, ilhali muunganiko huamua kama kuna kupita. Mji waweza kuwa na barabara ya njia nane na bado wakazi wake wakashindwa kufikiana. Hali kadhalika, mji waweza kukosa barabara hata moja ya gari na bado kila mlango ukafikika kutoka kila mlango. Watu wa mwambao walijenga miji ya namna hii ya pili, na walifanya hivyo kwa desturi ya ujirani, bila ofisi ya mipango. Haki ya kupita ilikuwa sehemu ya ustaarabu wa kukaa pamoja.

4.0 Dar es Salaam: Mraba na Vidole

Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860. Wajerumani walihamishia hapo makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huo huo wakatoa kanuni za ujenzi zilizoweka msingi wa kugawa mji kwa kanda kufuatana na aina ya majengo. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo. Matokeo yake yalikuwa sehemu tatu zilizojulikana kwa wote: Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, sehemu ya Waafrika iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili kutenga Kariakoo na Uhindini.

Kariakoo ilichorwa kwa miraba, njia zikikatana kwa pembe zilizonyooka. Mpango huo haukutokana na huruma. Miraba hurahisisha kuhesabu nyumba, kutoza kodi na kupitisha askari. Zaidi ya hayo, muunganiko wake ulikuwa wa ndani tu. Baina ya kanda na kanda uliwekwa utengano wa makusudi. Hata hivyo, sifa ya miraba ilidumu kuliko nia ya waliyoichora. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye ukumbi wa katikati na uani, zimebomolewa kwa wingi tangu miaka ya 1990 na mahali pake pamesimama maghorofa. Wapangaji wamebadilika, na biashara zimebadilika. Mtaa wa Kongo upo pale ulipokuwa, na bado unatokea. Huu ni ushahidi wa kwanza wa hoja ya makala haya: nyumba ni za kizazi, njia ni za karne.

Mji ulipokua, sura hiyo ya miraba haikufuatana nao. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 katika mji wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa. Mipango mikuu ilitayarishwa mwaka 1949, 1968 na 1979, lakini watu walifika kwa kasi kuliko viwanja vilivyopimwa, na sehemu kubwa ya makazi ikajengwa nje ya mipango hiyo. Mji ulitanuka kwa kufuata barabara kuu nne, yaani ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, mfano wa vidole vya mkono uliokunjuliwa. Waliotangulia walijenga kando ya barabara, walikopita mabasi. Waliofuata walijenga nyuma yao, na waliofuata hao wakajenga nyuma zaidi. Kila safu mpya ilitegemea njia iliyoachwa na safu iliyotangulia. Baina ya kidole na kidole hapakuwa na njia, na kwa miaka mingi aliyetaka kutoka kidole kimoja hadi kingine alilazimika kurudi hadi kiganjani.

Kutawanyika kwa mji, basi, si suala la ukubwa pekee. Miji miwili yaweza kuwa na eneo sawa na idadi sawa ya watu, mmoja ukawa wavu na mwingine ukawa mti. Tofauti yao hujulikana kwa miguu ya mtoto aendaye shuleni.

5.0 Mlandizi: Mto, Reli, Bomba na Lami

Kidole cha Barabara ya Morogoro ndicho kirefu kuliko vyote, na Mlandizi uko juu yake, baada ya Kibaha, karibu na mto Ruvu, ambao wasafiri wa karne ya kumi na tisa waliujua pia kwa jina la Kingani. Richard Burton na John Speke walipita katika nchi ya Wazaramo mwaka 1857 wakiufuata mto huo kuelekea bara. Njia waliyoifuata ilikuwa ya miguu, nyembamba, iliyotoka kijiji hadi kijiji. Njia za namna hiyo ndizo zilizokuwa wavu wa kwanza wa nchi hii. Ziliunganisha visima, mashamba, makaburi na masoko, na kwa kuwa Wazaramo na Wakwere waliishi katika vitongoji vidogo vilivyotawanyika, kila kitongoji kilihitaji njia kadhaa za kukitokea.

Baada ya hapo ilikuja mistari mikuu, mmoja baada ya mwingine. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907; ilipita kusini mwa Mlandizi, kwenye stesheni za Soga na Ruvu. Mwaka 1959 ulikamilika mtambo wa maji wa Ruvu Juu, ambao tangu wakati huo umesafisha maji ya mto na kuyapeleka Dar es Salaam kwa bomba. Barabara ya Morogoro iliwekwa lami, na kwa kuwa sehemu ya njia kuu ya kwenda Zambia ikawa mkondo wa malori mchana na usiku. Reli ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976, ilipita kusini zaidi, katika Kisarawe, ikiwa na stesheni Mzenga, mahali panapofikiwa kwa barabara itokayo Mlandizi. Reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, nayo bandari kavu ya Kwala, wilayani Kibaha, ilizinduliwa mwaka 2025.

Mistari hii yote ina tabia moja. Ilijengwa ili kupita. Ilihudumia miji iliyo mbali: Dar es Salaam iliyohitaji maji, Kigoma iliyohitaji bandari, Zambia iliyohitaji bahari. Hakuna uliojengwa ili kuwaunganisha majirani wa Mlandizi wao kwa wao. Na mstari mkuu, pamoja na faida zake nyingi, huwa pia ukuta. Reli iliyozungushiwa uzio huvukwa mahali palipowekwa kivuko tu. Barabara yenye malori ya kasi huwatenga watoto wa upande huu na shule ya upande ule.

Katikati ya mistari hiyo, sera ya vijiji iliongeza jambo jingine. Mwezi Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kazi hiyo ilitakiwa kukamilika mwaka 1976. Katika sehemu nyingi za nchi nyumba zilisogezwa kandokando ya barabara, na mashamba yakabaki nyuma. Mji mdogo wa barabarani ukapata umbo lake: uso wenye maduka, na nyuma yake mikorosho, minazi na miembe iliyopitwa na njia za miguu za zamani. Mashamba hayo ya nyuma ndiyo yanayouzwa leo.

6.0 Shamba Linapokuwa Makazi

Kasi ya mauzo hayo inatokana na kujaa kwa Dar es Salaam. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya mwaka 2022, Mkoa wa Pwani uliongezeka kutoka watu 1,098,668 hadi watu 2,024,947. Kwa maneno mengine, mkoa huo ulikaribia kuwa maradufu katika miaka kumi, ilhali Dar es Salaam yenyewe haikuongezeka hata kwa robo. Mji umevuka mpaka wake wa kiutawala na kuingia katika mashamba ya jirani.

Namna shamba linavyogeuka makazi huweza kuelezwa kwa hesabu ya kubuni lakini nyepesi. Chukua mwenye shamba la ekari tano, sawa na mita za mraba 20,000 na ushei. Akilikata lote kwa viwanja vya mita 20 kwa 20 bila kuacha njia, atapata viwanja vipatavyo 50. Akiacha sehemu moja ya tano kwa ajili ya njia, atapata viwanja 40. Njia zinazotokea zinamgharimu, basi, bei ya viwanja 10. Faida ya njia hizo haitamfikia yeye. Itawafikia wanunuzi, watoto wao na majirani wa shamba la pili. Si ajabu kwamba muuzaji, ambaye huenda anauza ili alipe ada au matibabu, huacha njia moja tu ya kuingilia na kuikomesha pale kiwanja cha mwisho kinapoanzia.

Jirani yake naye hufanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili. Njia ya kwanza inaingia kutoka kaskazini na kuishia mpakani. Njia ya pili inaingia kutoka kusini na kuishia mpaka ule ule. Nyumba mbili zimepeana migongo, mita 40 baina ya mlango na mlango, lakini mwenye kutoka moja kwenda nyingine hutembea hadi barabara kuu na kurudi, labda kilomita nzima. Hakuna aliyetenda kosa. Kila mmoja alikata shamba lake kwa haki. Mji umekosa njia bila mtu yeyote kuamua kwamba uikose.

Wakati huo huo, njia za miguu za zamani hufa kimyakimya. Njia iliyopita chini ya mikorosho haikuwa na hati wala jina. Mwenye kiwanja kipya, ambaye hakuzaliwa hapo, haijui. Huiona kama nyayo za wapitaji katika eneo lake, na siku anapojenga ukuta anaifunga. Wazee wanaoweza kusema kwamba njia hiyo ilikwenda kisimani wanazidi kupungua. Mamlaka za barabara nazo zina mipaka: TANROADS husimamia barabara kuu na za mikoa, TARURA iliyoanzishwa mwaka 2017 husimamia za wilaya, lakini kijia kilicho baina ya nyumba na nyumba kinabaki mikononi mwa uongozi wa kijiji au kitongoji na hiari ya majirani. Mpaka wa wilaya huongeza ugumu, kwa kuwa mchoro wa Kibaha hukoma pale Kisarawe inapoanza, ingawa mwenda kwa miguu hauoni mpaka huo.

Hasara ya hali hii haionekani upesi, na sababu mojawapo ni bodaboda. Pikipiki za abiria zimewezesha watu kukaa mbali na barabara na kufikika kwa vijia ambavyo gari lisingepita. Msaada huo ni wa kweli, lakini huficha gharama. Mkazi hulipa kila siku, kidogo kidogo, nauli ya mzunguko ambao usingekuwapo kama njia ingetokea. Siku ya moto, siku ya mama mjamzito kuhitaji gari la wagonjwa usiku, au siku ya jeneza, gharama iliyofichwa hudaiwa yote kwa pamoja. Bomba la maji nalo hufuata njia, na njia isipotokea bomba huishia hapo. Ni jambo la kutafakarisha kwamba maji ya Ruvu Juu yamepita Mlandizi kwenda Dar es Salaam kwa zaidi ya nusu karne kwa mstari ulionyooka, wakati kumfikishia maji mkazi aliye jirani na mtambo hutegemea kama shamba lililo mbele yake liliachiwa njia.

7.0 Mafunzo ya Sinza, Manzese na Kimara

Je, mji usio na muunganiko huweza kurekebishwa baadaye? Dar es Salaam ina majaribio yanayosaidia kujibu swali hili. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilitekeleza miradi ya aina mbili. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ambako ardhi ilikuwa bado wazi kwa sehemu kubwa, vilipimwa viwanja na njia kabla ya watu kujenga. Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha kujenga, paliboreshwa kwa kupitisha barabara na huduma baina ya nyumba zilizopo. Sinza na Manzese ni majirani. Guy Michaels na wenzake walichunguza miradi ya namna hiyo katika miji saba ya Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Walibaini kwamba, miongo kadhaa baadaye, maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yalikuwa na nyumba bora na mpangilio mzuri zaidi kuliko yale yaliyoboreshwa baada ya kujengwa. Wakazi wengi wa Sinza walijijengea wenyewe, polepole. Serikali haikuwajengea nyumba, iliwatangulizia njia.

Serikali ilirudia wazo hilo mwaka 2002 kwa mradi wa viwanja 20,000, uliopima maeneo ya pembezoni kama Kibada, Tuangoma, Buyuni na Mbweni. Kimara, katika Barabara ya Morogoro, ilichukua mkondo mwingine. Mashamba yalikatwa na wenyewe, vilima vikajaa nyumba, na baadaye ukaja urasimishaji wa makazi, unaowataka majirani wakae pamoja na kukubaliana nani atasogeza ukuta ili njia ipite. Urasimishaji una heshima yake, kwa sababu huwafanya wakazi wenyewe kuwa wapangaji wa mji. Lakini kila mita inayotafutwa wakati huo ni sebule, choo au kaburi la mtu. Pia tangu mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha hifadhi ya barabara kuu. Hivyo eneo lile lile lilijifunza kwa uchungu pande zote mbili za jambo hili: ukuta uliojengwa mahali pa njia hulipiwa, ama na anayeuvunja, ama na anayeuzunguka.

Tatizo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Nchini Marekani, kitongoji cha Radburn, New Jersey, kilichoanza kujengwa mwaka 1929, kilisifiwa kwa njia zake fupi zisizotokea, zilizokusudiwa kuwaepusha watoto na magari. Radburn ilikuwa na njia tofauti za miguu zilizounganisha nyumba. Waigaji wengi walichukua njia zisizotokea na kuziacha za miguu, na miongo ya baadaye ikashuhudia vitongoji ambavyo mtu hawezi kununua mkate bila gari. Mwaka 2020 Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walichapisha upimaji wa njia za miji ya dunia nzima, wakaonyesha kwamba njia mpya zilizojengwa tangu mwaka 1975 zimezidi kupungukiwa na muunganiko katika sehemu nyingi za dunia, ingawa si zote. Tofauti iliyopo ni kwamba Marekani njia isiyotokea ilichorwa na kuuzwa kama utulivu. Mlandizi hutokea bila mchoro. Matokeo kwa mtembeaji ni yale yale.

8.0 Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa haimpi mtu ruhusa ya kukata tamaa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mlandizi bado ni mbichi. Sehemu kubwa ya mashamba yake haijakatwa, na njia nyingi za miguu za zamani bado zinapitika kati ya miembe na mikorosho. Njia hizo ni mchoro wa mji uliokwisha kuandaliwa na vizazi vilivyotangulia bila malipo. Kinachotakiwa kwanza si fedha nyingi. Ni kuzitembea pamoja na wazee wanaozijua, kuzichora, na kuzitambua katika mikutano ya vijiji na vitongoji kabla shamba halijauzwa, pande zote mbili za mpaka wa Kibaha na Kisarawe. Uzoefu wa kuchora upo: tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam katika kuchora mitaa ambayo haikuwa katika ramani yoyote.

Hatua ya pili inahusu lugha. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilitaka kila njia ipewe jina. Wengine waliiona kuwa kazi ya vibao tu. Lakini jina ni aina ya ulinzi. Nyayo zisizo na jina hufungwa kwa ukuta asubuhi moja na hakuna anayejua amshitaki nani. Njia iliyopewa jina la mzee, mti au kisima huulizwa inapotoweka. Miji ya mwambao ililinda kupita kwa desturi, Kariakoo ililindwa na mchoro, na Mlandizi, usio na desturi inayojulikana na wageni wake wala mchoro wa kutosha, waweza kuanza na jina.

Zaidi ya yote, mnunuzi wa kiwanja anahitaji kurudishiwa swali ambalo lugha yake ilikwisha kumpa. Anapoonyeshwa kiwanja, huuliza bei, ukubwa, maji na umeme. Muuzaji humwonyesha njia ya kuingilia na wote wawili huridhika. Kabla ya kuhesabu fedha, afaa asimame mwisho wa njia hiyo, penye mpaka wa shamba la jirani, na kuuliza kama wapita njia wote: hii inatokea wapi? Jibu likiwa kwamba haitokei, bado kuna mahali pa kuipitisha, na mwenye shamba la pili yungali hai na hajauza.